Picha za Hewa Tupu

Coral Duffield alikuwa na wapangaji kumi na mmoja, na katika miaka minne hakuna hata mmoja aliyemgongea mlango kuomba chumvi. Walikuwa darubini. Zilisimama kila moja juu ya nguzo yake ya zege, ndani ya banda refu la mabati nyuma ya kilima cha shamba la Mirrabee, dakika arobaini kwa gari kutoka mjini Coonabarabran. Wenye darubini hizo waliishi mbali, kaskazini ya dunia. Mmoja alikuwa daktari wa meno Ujerumani, mwingine mwalimu wa shule Korea, mwingine dereva wa treni Kanada. Wote walikuwa na wazimu wa aina moja: kupiga picha vitu vya mbinguni vilivyo mbali na hafifu mno, ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona hata likikodolewa mpaka litoe machozi. Mbingu yetu ya kusini haionekani kwao, basi walizileta darubini zao huku, wakazifunga kwenye zege, na kuziendesha kwa kompyuta wakiwa kwao sebuleni na soksi miguuni.

Lakini kompyuta haifukuzi nyoka. Haiondoi utando wa buibui, haijui kwamba nyigu amejenga kiota cha udongo kwenye mdomo wa darubini, wala haiwezi kumkaripia panya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Coral, na aliifanya kama alivyofanya kila kazi maishani mwake, yaani kwa ukali kidogo na bila kuchelewa. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Watu wazima wenye watoto wao sasa, wakimwona dukani, bado hukaa sawa bila kuambiwa.

Namna alivyoingia katika kazi hiyo ni fupi. Ukame ulikausha mabwawa miaka mitatu mfululizo, Des mumewe akauza kondoo karibu wote, na siku moja kijana wa Melbourne akaja kuuliza kama wana sehemu ya shamba isiyoona taa yoyote usiku.

"Anatafuta giza," Des alimwambia mkewe jikoni, akinong'ona kana kwamba mgeni amekuja kupima madini. "Tumelima ngano hapa vizazi vinne, kumbe zao lenyewe ni giza."

"Basi usimwambie kwamba halihitaji mvua," Coral alimjibu. "Atatuona wajinga kulima kingine."

Banda likajengwa. Kila jioni isiyo na mawingu, jua likishazama na nyota ya kwanza haijatokea, Coral alivaa koti kuukuu la Des, akapanda kilima na chupa yake ya chai, akawasha mota ya paa. Paa zima liliteleza juu ya reli zake likaenda kukaa kando, na darubini zote kumi na moja zikabaki uchi chini ya mbingu. Mota ikigoma, alisukuma kwa bega na matusi. Kisha aliziamuru darubini zitazame juu, utosini pa mbingu, zipige kila moja picha ya majaribio, ahakikishe kwamba kamera zinafanya kazi kabla wenyewe hawajaanza kuziendesha huko kwao. Picha hizo hazikuwa na kitu. Zilikuwa za mbingu ya machweo, tupu, rangi ya kijivu kutoka pembe hadi pembe. Nakala ndogo ya kila picha aliituma kwa mwenye darubini na maneno mawili tu, kama mtu anayeleta habari za mtoto aliyelazwa: "Yu mzima."

Na zile picha kubwa zenyewe alizihifadhi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na diski nzima nyumbani imejaa kijivu, kila jioni na tarehe yake, kila darubini na jalada lake. Alipozifungua siku za mvua aliona kwamba kijivu hicho hakikufanana siku mbili. Kuna jioni kilikuwa laini kama unga, kuna jioni kilikuwa na uzito wa moshi wa mabua yanayochomwa. Aliona pia kwamba kila kamera ina alama zake za duara, hafifu, kama alama ya kikombe juu ya meza, zinazorudi palepale kila siku. Alizizoea kama mtu anavyozoea makovu ya usoni mwa jirani.

"Mama watoto," Des alikuwa akimwambia, "dunia imejaa wapiga picha, lakini wewe peke yako unapiga hewa."

"Hewa haifumbi macho ikipigwa picha. Wewe ulifumba harusi nzima."

"Nilikuwa naomba dua. Sasa futa hizo picha za hewa, mbwa wangu wapate nafasi." Maana diski ile ilikuwa ya kwake, na alitaka kuweka video za mashindano ya mbwa wa kondoo.

"Zifute uone utakula nini."

Basi ilibaki hivyo, mwaka baada ya mwaka, mzaha usioisha wa watu waliooana miaka arobaini.

Katika wapangaji wote, aliyempenda zaidi alikuwa wa nguzo ya saba, na mwenye darubini ile alikuwa mzee Magnus Isbister wa visiwa vya Shetland, kule juu kabisa ya Scotland, ambako majira ya joto usiku haufiki. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili. Alifanya kazi maisha yake yote katika chumba cha injini cha kivuko, chini ya maji, bila dirisha, na labda ndiyo sababu alipostaafu alitaka kuona mbali kuliko watu wote. Wenye darubini wengine walituma maagizo. Magnus alipiga simu.

Ni yeye aliyemfundisha Coral kutazama. Usiku wa kwanza alimwambia azime tochi, hata ile nyekundu, akae dakika ishirini bila kufanya kitu, jambo ambalo Coral hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Kisha akamwelekeza kwenye nyota fulani na kumwuliza kama anaona kidoa cha ukungu karibu yake.

"Sioni kitu, mzee."

"Kwa sababu unakikodolea. Hivyo vitu vina haya. Tazama kando kidogo, jifanye huvitaki."

Coral alitazama kando, na kidoa kikaja. Alirudisha jicho, kikakimbia. Alitazama kando tena, kikaja tena, kikakaa. Magnus akamwambia kwamba katikati ya jicho la mtu pameumbwa kwa ajili ya kusoma na kushona, lakini pembe za jicho ndizo zinazoona vitu hafifu. Tena akamwambia kwamba kidoa kile ni mamilioni ya nyota. Coral alikuwa amepita chini ya kidoa kile maisha yake yote na hakuwahi kukijua.

Baadaye Magnus alimwonyesha jinsi picha inavyopikwa. Alimtumia moja, iliyokusanya mwanga kwa dakika tano. Ilikuwa nyeusi, nyota chache, basi. Akamtumia kumi zilizojumlishwa pamoja: weusi uleule, ila si mweusi sana. Akamtumia mia. Na ndani ya mia hiyo kulikuwa na wingu, jekundu na la buluu, lenye mikunjo kama shuka lililotoka kulaliwa. Hakuna lililoongezwa. Lilikuwemo katika kila moja ya zile picha nyeusi, dogo kuliko uwezo wa mtu kuliona, likingoja wenzake. Coral alilia jikoni siku hiyo, akamwambia Des ni vitunguu, na Des akatazama huku na huku asione kitunguu.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Magnus alipiga simu akaongea kuhusu upepo wa kwao na bei ya samaki kwa muda mrefu kupita kawaida. Mwishowe akasema:

"Dada Coral, daktari wa macho ameniambia habari. Kuna doa katikati ya kila jicho, na linakua. Nikimtazama mtu usoni, namwona masikio. Pua hana."

"Mungu wangu, mzee. Hakuna dawa?"

"Kuna sindano. Nimechomwa. Daktari anasema niseme asante hadi mwezi wa sita, kisha nisikilize redio."

Alikuwa anataka picha moja ya mwisho. Karibu na ncha ya kusini ya mbingu kuna kundi la nyota liitwalo Kinyonga, na ndani yake kuna mawingu ya vumbi, si ya gesi inayong'aa bali vumbi tu, jeusi na kahawia, ambalo huonekana kwa sababu nyota za jirani zinaligusa kidogo kwa mwanga wao. Ni katika vitu hafifu kabisa ambavyo mtu mwenye darubini ya nyumbani anaweza kuvijaribu. Mwanga wake husafiri miaka mia sita kutufikia. Magnus alitaka kuukusanya kwa saa sitini, usiku kwa usiku, wakati ambapo mwezi haupo, na awe ameimaliza mwishoni mwa mwezi wa tano, akiwa bado na jicho la kuitazama.

"Mwendo wa kinyonga, sawasawa," alisema. "Nakuomba jambo moja. Kamera isiguswe. Isisogee hata unywele mpaka nimalize. Siku ya mwisho utatundika foronya yako nyeupe kwenye mdomo wa darubini, tutapiga picha za foronya, na kazi itakuwa imekwisha."

Coral alikwishatundika foronya mara nyingi. Alijua kwamba inatundikwa, kama mtu ajuavyo kwamba tanuri halifunguliwi keki ikiwa ndani. Kwa nini, hakuwahi kuuliza.

Ukawa mwaka wa panya. Wanaoujua mwaka wa panya huku kwetu hawahitaji kuelezwa, na wasioujua hawatasadiki. Walikula ngano ghalani, wakala sabuni, wakala nyaya za trekta, na usiku barabara ilikuwa ikitembea. Coral alipoteza usingizi akilinda banda lake. Aliweka mitego, akaziba matundu kwa sufu ya chuma, akawaambia panya maneno ambayo abiria wake wa basi wangeshangaa kuyasikia. Na saa za Magnus zikaendelea kupanda: kumi, ishirini, thelathini na tano. Zilipofika arobaini na tisa, mwanzoni mwa mwezi wa tano, nguzo ya saba ilinyamaza.

Panya alikuwa ametafuna kebo ya kamera. Magnus akaandika kwamba kebo ya akiba imo kwenye boksi jeupe, abadilishe tu, ila kamera asiiguse. Coral akapanda kilima. Lakini kebo ilikatika vibaya, kichwa chake kimebaki ndani ya tundu la kamera, na gizani, tochi nyekundu mdomoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi na panya wakipita juu ya viatu, hakuweza kukitoa. Akalegeza skrubu tatu, akaichomoa kamera, akashuka nayo nyumbani ameificha kifuani ndani ya koti.

"Si umeambiwa usiiguse?" Des aliuliza, akiwa mezani na chai yake.

"Nimeambiwa nisiiguse ikiwa kwenye darubini. Hii iko mezani."

"Mwanasheria kapotea hapa."

Alikitoa kile kichwa kwa kibano chake cha nyusi. Na hapo, chini ya taa ya jikoni, akaona kioo kidogo mbele ya jicho la kamera. Kilikuwa na vumbi. Chembe saba au nane, nyekundu kama udongo wetu. Moyo ulimwuma. Mzee wa watu anapiga picha ya mwisho ya maisha yake, na anaipiga kupitia uchafu! Alichukua pampu ndogo ya hewa, akapuliza. Akachukua kitambaa laini cha miwani, akafuta taratibu, akapuliza tena, mpaka kioo kikawa hakionekani kama kipo. Akairudisha kamera mahali pake, akafunga skrubu tatu, akaunganisha kebo mpya. Usiku uleule ikaanza kazi. Aliandika "Yu mzima" na akalala kama mtu aliyelisha yatima.

Siku ya nne Magnus alituma ujumbe mfupi. Uliandikwa kwa herufi kubwa mno, kama alivyokuwa akiandika siku hizo.

"Dada Coral, kuna jambo la ajabu. Picha mpya na za zamani hazioani. Vumbi langu limehama. Nimetazama mara tatu. Nadhani ni macho yangu, yamewahi kuondoka kabla ya tarehe. Usihangaike."

Coral aliusoma amesimama. Akakaa, akausoma tena. Neno "usihangaike" ndilo lililomkata. Mzee hakumshuku hata kidogo. Alikuwa amepata mtu wa kumlaumu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe, yeye na macho yake mabovu. Ingetosha Coral anyamaze. Hakuna aliyeona ila Des, na Des angeweza kufa na siri hiyo kama alivyotunza nyingine.

"Niseme au nisiseme?" alimwuliza mumewe.

Des aligeuza kikombe mkononi. "Mtoto akivunja dirisha la basi lako akakaa kimya, ulikuwa unamfanyaje?"

"Nilikuwa nasimamisha basi mpaka aseme."

"Basi limesimama, mama watoto."

Akapiga simu. Kule Shetland ilikuwa asubuhi, na mzee alipokea akiwa mchangamfu, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi. Coral hakuzungukazunguka.

"Si macho yako, mzee. Ni mimi. Niliitoa kamera, nikakisafisha kioo chake. Nilidhani nakufanyia wema. Nisamehe."

Alisikia saa ya ukutani ya mzee ikigonga, upande wa pili wa dunia.

"Uliisafisha," Magnus alisema polepole.

"Mpaka ikang'aa."

"Sikiliza, nikueleze, maana kosa ni langu pia kwamba sikukueleza. Kila chembe ya vumbi kwenye kile kioo inatupa kivuli katika picha. Kivuli cha duara. Hicho si tatizo, vumbi lipo siku zote. Ndiyo maana tunatundika foronya. Foronya ni nyeupe tupu, kwa hiyo ukiipiga picha hupati kitu ila vivuli vyenyewe. Kompyuta inaviona vilipo, inaviondoa katika picha ya mbingu. Lakini vumbi lazima liwe palepale lilipokuwa. Wingu ninalolitafuta ni hafifu kuliko vivuli hivyo. Bila kuviondoa, sitajua vumbi lipi ni la mbinguni na lipi ni la kwenu." Akapumua. "Ningetundika foronya tangu mwezi wa tatu. Nikajiona fundi, nikasema mwishoni, mara moja tu, hakuna kitakachosogea. Miaka arobaini chumba cha injini, na bado nikasema hakuna kitakachosogea!"

"Kwa hiyo zile saa arobaini na tisa?"

"Zimekwenda na kitambaa chako."

Hakulisema kwa ukali, na Coral angependa angelisema kwa ukali. Alishika ukingo wa meza. Mwezi wa tano ulikuwa umebakiza siku ishirini, mawingu ya baridi yalikuwa njiani, na saa arobaini na tisa haziokotwi katika siku ishirini.

"Laiti ningekuwa na picha hata kumi za kitu kitupu," mzee aliendelea, akisema na nafsi yake zaidi. "Ukuta. Ukungu. Chochote kisicho na kitu, kilichopigwa kabla hujafuta."

Moyo wa Coral ulikuwa umeanza kupiga kwa namna nyingine.

"Mzee," alisema, "hewa inafaa?"

"Hewa gani?"

"Ya jioni. Zile ninazokutumia, za 'Yu mzima'. Kabla ya nyota."

"Vile ni vijipicha, dada, vimebanwa vikawa kama stempu. Tena nimezifuta zote. Ungekuwa na zile kubwa zenyewe, hapo tungezungumza, lakini nani anahifadhi picha za…"

"Mimi."

"Nini?"

"Mimi ninazo. Zote. Miaka minne."

Kisha akasikia sauti ambayo mwanzo hakuitambua, na ilikuwa ni mzee Magnus anacheka, au analia, kwa umri ule sauti hizo hukaa jirani.

"Coral Duffield," alisema, "kwa nini, Mungu wangu, ulihifadhi picha za hewa?"

"Sijui. Niliziona nzuri."

Des, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza kila neno, alivua kofia yake. Alikumbuka kwamba mwezi mmoja tu nyuma kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na kwamba kilichomzuia ni uvivu wa kutafuta miwani.

Kati ya mwezi wa tatu na ile jioni ya panya zilikuwepo jioni thelathini na nne zisizo na mawingu. Picha thelathini na nne za kijivu, na katika kila moja zile alama za duara kama za kikombe, palepale, hazijasogea. Ndizo zilizokuwa vumbi. Coral alikuwa akizitazama miaka yote na kudhani ni sura ya kamera. Kuzituma kulichukua kuanzia chakula cha jioni hadi chai ya asubuhi, kwa mtandao wetu huu unaotembea kwa magongo, na alikaa macho akiulinda mstari mdogo wa kijani usikatike. Panya mmoja alipita juu ya meza akamwacha apite.

Mzee alimaliza saa zake kumi na moja zilizobaki kabla mawingu hayajafunga. Safari hii foronya ilitundikwa kila alfajiri, bila kungoja.

Picha ilifika katikati ya mwezi wa sita. Coral hakuifungua peke yake. Alimwita Des, wakavuta viti viwili mbele ya kompyuta kama watu wanaosubiri harusi kwenye televisheni, akabonyeza.

Kilichokuwa mbele yao kilikuwa vumbi, mzee hakudanganya, lakini vumbi lililojaza mbingu kutoka ukingo hadi ukingo, kahawia kama maji ya mto baada ya mvua, likikunjwa, likichanika, likining'inia katika nyuzi nyembamba hata ungeogopa kupumua karibu yake. Mahali pamoja nyota changa ilikuwa imeligusa likawa buluu. Na pale lilipokuwa zito, hakukuwa na nyota kabisa, weusi tu, weusi wenye umbo. Coral alikumbuka msichana mmoja wa kabila la Gamilaraay aliyekuwa akipanda basi lake, ambaye alimwambia kwamba watu wake, walioijua nchi hii kabla ya wote, humwona angani emu mkubwa, yule ndege wa huku afananaye na mbuni, na emu huyo hakuumbwa na nyota bali na giza lililo kati yao. Coral wakati ule alisema, "Vizuri, kaa chini, funga mkanda." Sasa alielewa, miaka thelathini baadaye, kwamba mtoto alikuwa akimwambia ukweli mtupu. Giza ni kitu. Lina mikunjo. Mwanga ulioligusa uliondoka kule kabla ya shamba, kabla ya meli zilizowaleta babu zake, ukasafiri karne sita bila kukutana na kitu chochote, ukaja kuingia katika bomba lililo juu ya nguzo ya saba, nyuma ya kilima chake.

"Na hakuna hata alama moja ya kikombe," Des alisema mwishoni, kwa sauti ya kanisani.

Coral alimpigia mzee.

"Umeiona?"

"Nimeiona kwa pembe ya jicho," Magnus alisema. "Kipande kwa kipande. Natazama kando, kinakuja. Katikati kuna tundu, lakini nalizungusha. Ni nzuri, dada?"

"Mzee, ni nzuri hata naogopa."

"Basi ndivyo inavyotakiwa kuwa." Kisha akaongeza, "Darubini nimempa mpwa wangu Inga, ataendelea nayo. Ila zile za hewa usiache kunitumia. Zile kubwa."

Coral aliahidi, akiamini ni adabu tu ya mzee anayeaga. Lakini ahadi ni ahadi. Jioni ile mawingu yalipasuka upande wa magharibi. Alivaa koti, akapanda kilima, na kwa mara ya kwanza Des akapanda naye, akihema na kulalamikia goti. Mota iligoma, wakasukuma paa kwa mabega mawili. Nguzo ya saba ikatazama juu, ikapiga kijivu chake, laini, kitupu, kutoka pembe hadi pembe. Coral akaituma nzima, bila kuibana, na maneno yake mawili. Walikuwa bado wanakunywa chai kwa kupokezana kifuniko cha chupa, nyota ya kwanza imeshatoka, jibu lilipoingia kwa zile herufi kubwa.

"Hii naiona yote, dada. Haina kitu cha kupotea katikati."